Leo Maji Yamechelewa

Tarehe 2 Machi

Mdogo wangu,

Kasuku ametoa kitabu! Kitabu kizima, chenye jalada, chenye jina lake mbele kwa herufi kubwa, na nyuma picha yake ameshika shavu kama mtu anayeumwa jino. Najua barua huanza na salamu, lakini hii nimeibeba tangu asubuhi na ilikuwa inanichoma.

Haya, sasa salamu. Hujambo? Habari za huko hospitali, kwenye chumba chako cha mashuka? Sisi wazima. Mguu wangu wa kushoto unatangaza mvua kabla ya redio. Baba Kasuku anakohoa, ila anakohoa kwa raha zake, maana akikohoa haambiwi akachote maji. Bi Vifungo bado ninaye hapa kwenye chumba cha ushonaji. Meno yamepungua, maneno yameongezeka. Mzee Pasi naye yupo, anaunguza kola za watu na kusema kitambaa kilikuwa kibovu.

Ningekupigia simu, lakini simu yako ikiona namba yangu mtandao wake huanguka. Barua haianguki.

Basi huyo mtoto wetu. Nasema wetu, maana wewe ni mama yake mdogo hata ukinyamaza. Unakumbuka tulivyomwita Kasuku kwa sababu kila lililosemwa ndani ya nyumba alilipeleka kwa majirani kabla chai haijapoa? Leo majirani wanamnunua! Ubongo ule hautoki hewani, mdogo wangu. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini la saba la zamani, lililokuwa na viboko na mashairi. Nimewaambia wateja wote. Aliyekuja kupunguza suruali ameambiwa. Aliyekuja kuuliza njia ameambiwa.

Kasuku alileta nakala mbili, moja yangu, moja yako. Yangu nimeiweka kwenye kabati la vioo, katikati ya vitambaa vya suti, imefungwa nailoni, haiguswi. Kwa hiyo tuliyoisoma ni ya kwako. Usinune, sikiliza kwanza. Kusoma kwa sauti kulishindikana, cherehani zikianza kulia humsikii hata anayekutukana. Nikasema tukigawane kama tunavyogawana shati: mmoja mikono, mmoja kola, mmoja mifuko, mwisho mimi naunganisha. Nikapitisha wembe mgongoni, pale penye gundi, kikatoka katika mafungu manne. Moja kwangu, moja kwa Bi Vifungo, moja kwa Mzee Pasi, moja kwa Baba Kasuku, kisha tukawa tunabadilishana.

Mdogo wangu, ugomvi uliotokea! Bi Vifungo alianza na fungu la mwisho. Alipofika la kwanza, ambamo ndugu wawili wa kitabuni bado ni watoto wanachekana, yeye akawa analia machozi, sisi tunamshangaa. "Mnacheka nini," anasema, "mimi najua kinachowangoja." Mzee Pasi anasema kitabu kizima ni habari ya birika. Baba Kasuku naye fungu moja alilala nalo chini ya mto na kulitoa ilikuwa vita.

Habari yenyewe ni hii, usije ukasema nimekumalizia utamu. Ndugu wawili wa kike wanakaa nyumba moja. Siku moja mdogo anaacha birika motoni, anatoka, anaufunga mlango. Basi. Kwa nini ametoka, Kasuku hakusema! Kurasa zote zile, sababu hakuna. Nikamwambia, "Mwanangu, hili ni gauni lisilo na zipu, mtu aliingilie wapi?" Akanijibu, "Aingilie anapotaka, Mama." Yule dada mkubwa, kila mtu hapa ameona ni mimi: mchapakazi, ana sura, hapendi uvivu. Kasuku anasema aliandika juu ya majirani wawili pale anapopanga chumba. Mwache aseme. Mimi najijua nikijiona. Na sababu ya yule mdogo kutoka ninaijua pia. Kiburi.

Kitabu chako nimekishona tena kwa uzi wa mabegi, mishono miwili. Gundi ya kiwandani ingekuachia kurasa mkononi, uzi huu hata ukivutana na ng'ombe hautoki.

Nataka siku moja Kasuku aje atusomee hapa, cherehani zote zikiwa zimenyamaza, na watu wetu wote wawepo. Siku nitakutajia.

Mimi dada yako,
mama wa mwandishi.


Tarehe 19 Aprili

Dada,

Shikamoo. Kitabu kimefika. Karatasi ya nje ilikuwa imelowa, chenyewe kizima. Mishono imenyooka, ila umenibania sana upande wa ndani, inabidi nikifungue kwa mikono miwili.

Mimi mzima. Nimebadilishiwa zamu, sasa naingia alfajiri na mchana natoka. Mashuka ya wodi zote yanapita mikononi mwangu, nayapanga kwa namba na kuyarudisha yalikotoka. Chumba ni kilekile, juu ya duka la baiskeli. Fundi wa chini amenunua pampu mpya na anaijaribu kila wakati. Mwambie Baba Kasuku anywe maji ya moto. Mwambie Kasuku nimefurahi. Hilo lifikishe kama lilivyo, usiliongezee pambo.

Nimekisoma mara mbili.

Kuhusu kiburi hatukubaliani. Mtu mwenye kiburi angeubamiza mlango. Huyu aliufunga taratibu, imeandikwa. Nenda kaangalie.

Lakini mwisho umenikalia vizuri. Anaporudi, dada yake hamuulizi alikuwa wapi. Hamuulizi kwa nini. Yule mdogo anaingia na ndoo mkononi, dada anamwambia tu, "Leo maji yamechelewa." Kama vile alitoka asubuhi ileile. Halafu anamwambia, "Kaa kwanza." Na kitabu kinaishia hapo, hata nukta hakuna.

Nimelifikiria sana hilo nikikunja mashuka. Mtu akipokelewa namna hiyo anaweza kurudi hata kutoka mbali.

Siku ya kusoma ni lini? Siahidi. Nauliza tu.

Mdogo wako.


Tarehe 4 Mei

Mdogo wangu,

Umesoma kitabu gani wewe?

Salamu zangu zipokee, na za Baba Kasuku, ambaye amekunywa hayo maji ya moto na sasa anasema yamemwongezea kikohozi. Bi Vifungo anakusalimu. Mjukuu wake amepata kazi ya udereva na tayari amegonga ukuta, wa kwake mwenyewe. Mimi nina kazi mpaka shingoni, sare za shule nzima zimeletwa kwangu kwa sababu fundi mwingine wa kuaminika hawakumpata. Sisemi mimi, wamesema wao.

Sasa nijibu. Ni wapi huyo mdogo alirudi? Niliisoma barua yako hapa mbele ya watu, Bi Vifungo akacheka mpaka sindano ikamchoma. Hakurudi! Anaufunga mlango na kitabu kinakwisha. Niliuliza wote, Mzee Pasi, Baba Kasuku, wote walisoma hivyo. Ulilala ukaota, mdogo wangu. Hizo zamu za alfajiri.

Tena si kwamba hakurudi tu. Hakutuma hata salamu. Na wewe unamtetea kwa sababu aliufunga mlango taratibu! Mlango ukifungwa taratibu si umefungwa? Mimi naona bora angeubamiza, watu wakasikia, wakamkimbilia, wakamvuta mkono. Huyu alitoka kimya kama paka aliyeiba. Ndani kumejaa wageni, dada anazunguka peke yake, anadhani mwenzake yuko jikoni, kumbe jikoni kuna birika tu. Maji yamekauka, chini kumeungua, moshi umejaa nyumba. Nililisugua siku mbili birika lile kwa mchanga na majivu, na weusi wake haujatoka mpaka leo.

Kiburi, nasema tena. Ila barua zako nazipenda hata zikiwa za ubishi, maana ni nyingi kuliko za miaka yote iliyopita. Endelea kubishana.

Dada yako.


Tarehe 30 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu. Sikuwa mgonjwa, sikuwa na kazi nyingi. Sikujibu tu.

Umeandika "nililisugua". Katika kitabu hakuna aliyesugua birika. Hakuna wageni ndani ya nyumba. Hakuna moshi. Kuna wanawake wawili na asubuhi moja. Wageni umewaleta wewe.

Sikulaumu kwa hilo. Na mimi nilipokuwa nasoma nilikuwa natafuta gauni.

Unajua gauni lipi. La Mama, lile la maua ya buluu, lenye mfuko mmoja upande wa kulia, alikokuwa anaweka leso. Mimi ndiye niliyekuwa nalifua alipokuwa hawezi tena kuamka. Nililikunja nikaliweka juu ya kitanda chake, nikaenda jikoni kubandika birika la wageni wa msiba. Niliporudi kuchukua sukari ulikuwa umeshalikata. Vipande vizuri, vimenyooka, kila ndugu apate chake aweke kwenye mto. Watu wanakusifu. "Fundi ni fundi," wanasema. Na wewe ukaninyooshea kipande kama wengine.

Hukuniuliza. Tangu utotoni ukiona kitu kizima mkono unakuwasha.

Nimekisoma kitabu cha Kasuku mwanzo hadi mwisho nikitafuta gauni, halimo. Mara nikasema Kasuku alikuwa mtoto, hakuliona. Mara nikasema aliliona, akaliacha nje kwa makusudi, kila msomaji aje na la kwake. Wewe umekuja na birika lililoungua. Mimi nimekuja na gauni. Bi Vifungo sijui amekuja na nini.

Fundi baiskeli wa chini amehama. Sasa kuna ukimya, naona nilikuwa nimeizoea ile pampu.

Kwenye huo mkutano wako usinihesabu.

Mdogo wako.


Tarehe 20 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu kwanza leo. Hujambo? Sisi tupo. Sare za shule zimekwisha, mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kunishukuru na kunishika mkono mbele ya wateja. Mzee Pasi hajaunguza kitu tangu mwezi uliopita, tunamwogopa, huenda anaumwa. Baba Kasuku amepona kikohozi na ameanza kulalamikia mgongo.

Uliyoyaandika nimeyasoma. Nimeyasoma nikiwa peke yangu, sikumsomea mtu.

Nina jambo la kitabu.

Kasuku alikuja wiki iliyopita kupumzika. Nikamwambia, "Mama yako mdogo siku hizi anaota akiwa macho, anasema yule mdogo anarudi, anaambiwa maji yamechelewa." Kasuku alikuwa anakula, akaacha. Akasema, "Mama, hayo maneno nimeyaandika mimi. Lakini yako kabla." Nikamuuliza kabla ya nini. Akasema nifungue kabati la vioo.

Nikamfungulia. Tukaichana nailoni. Akanionyesha ile asubuhi ya ndoo: iko kabla ya ugomvi, ni asubuhi tu kama asubuhi nyingine, wakiwa bado wanapatana. Nilikuwa nimeisoma nikaipita, mtu atakumbuka asubuhi isiyo na ugomvi? Na yale maneno "Kaa kwanza" hayaishii pale. Ukigeuza ukurasa yanaendelea: "nina jambo la kukuambia na hutalipenda." Ndipo ugomvi unapoanza.

Akaniuliza, "Mama, kile cha mama mdogo nani alikishona?"

Mdogo wangu, ni mimi. Fungu lile la tatu ndilo Baba Kasuku alilolala nalo. La nne lilirudi kwangu kabla yake. Nami nilipokuwa naunganisha, lililofika mwisho nikaliweka mwisho. Shati halijali mkono upi umeletwa kwanza, nikasahau kwamba kitabu kinajali. Namba zipo chini ya kila ukurasa, ndogo kama mayai ya chawa, na miwani nilikuwa nimeiacha kwenye cherehani.

Kasuku alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akawa anafunguafungua ile nakala. Akasema, "Mimi nilimwacha mlangoni. Nilijaribu kumrudisha, kila nikiandika anarudi inakuwa uongo, nikafuta. Sasa mama mdogo amemrudisha kwa maneno yangu mwenyewe, sikuongeza hata moja." Nikamwambia basi nitakuandikia ukweli. Akasema, "Usimwandikie, Mama. Mimi kazi yangu niliimaliza. Akishasoma ni chake."

Yeye ana elimu yake. Mimi sijawahi kumkabidhi mtu nguo yenye kasoro nikanyamaza, hata aliyeipenda hivyohivyo. Kwa hiyo nakuambia: mwisho ulioupenda ni kosa la uzi wangu. Katika kitabu chenyewe anatoka na harudi. Ukitaka kitumie, nitakifumua na kukiweka sawa, gharama juu yangu.

Nisipokiona nitajua umekiacha kama kilivyo. Nisipoiona barua sijui nitajua nini.

Dada yako.


Tarehe 11 Septemba

Dada,

Shikamoo. Natumaini mgongo wa Baba Kasuku haujawa kitu kikubwa. Hapa kuna mpangaji mpya chini, anauza vioo. Anaimba akivipangusa. Sauti yake si mbaya.

Kitabu sikitumi.

Nilijua tangu siku ya kwanza. Kazi yangu ni namba, Dada. Shuka la wodi ya nne likiingia kwenye rafu ya wodi ya tatu naliona kabla sijaligusa. Kwenye kitabu chako baada ya 64 ikaja 97, nikasimama. Nikatafuta, nikaikuta 65 huko nyuma karibu na jalada. Usiku ule ule nilikisoma kwa kufuata namba, nikirukaruka, mpaka nikamwona anaufunga mlango. Kesho yake nilikisoma tena kwa kufuata uzi.

Nilikuandikia kwamba nimekisoma mara mbili.

Kwa namba anatoka. Kwa uzi anaingia. Maneno ni yale yale. Tena yameungana vizuri mno. Pale 64 inapokatika, dada anaweka kikombe chini, anasema, halafu 97 inaendelea, "nina jambo la kukuambia na hutalipenda." Huoni hata kovu. Na mlango ukishafungwa, geuza ukurasa, sauti ya kwanza unayoisikia ni, "leo maji yamechelewa." Nilikaa kitandani nikaguswa moyo.

Nikasema, huyu ni Dada. Neno la samahani hawezi kulitoa mdomoni, akikazana sana atalitoa shingo upande, kwa hiyo amelishona. Amechukua kitabu cha mwanawe, amekikata kama anavyokata vyote, ila safari hii amekiunga ili niingie. Nikauliza siku ya mkutano ni lini. Hujui ilivyonigharimu kuuliza.

Wewe ukajibu, "Umesoma kitabu gani wewe?" Ukacheka na Bi Vifungo.

Ndipo nikaona kwamba barua niliyodhani umeniandikia hukuiandika. Nilijisomea mwenyewe. Hasira za mwezi wa sita zilikuwa za hapo, gauni lilifuata tu.

Sasa zimepungua. Kasuku amesema ni changu, na nimemwelewa, maana sijaacha kukisoma, na bado kila mara anaingia. Kujua kwangu namba hakumzuii.

Lakini nataka nikuulize jambo moja, unijibu au usinijibu. Nimekujua miaka yote ukishona. Mkono wa kulia wa shati hujawahi kuuweka kushoto, hata ukiwa na homa, hata taa ikiwa imezimika. Leo unaniambia fungu zima limekupita. Na lilikupita kwenye kitabu kinachokuja kwangu.

Mkono wako ulikuwaje siku ile?

Mdogo wako.


Tarehe 1 Oktoba

Mdogo wangu,

U mzima? Sisi wazima, mgongo umepona, sasa Baba Kasuku yuko kwenye magoti, anashuka chini taratibu, akifika vidoleni tutapumzika. Mzee Pasi ameunguza kola mbili siku moja, tumeshukuru, amerudi kuwa mtu wetu. Kitabu cha mwanao kimeagizwa tena dukani, muuzaji amenipigia yeye mwenyewe, na nimempa habari za darasa la saba la zamani, akasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na adabu au hakuwa na wateja.

Unaniuliza mkono ulikuwaje. Nilimuuliza Bi Vifungo, akasema, "Mkono wa mtu unajua njia ya jikoni kuliko kichwa." Mzee Pasi akasema taa ilikuwa hafifu. Baba Kasuku akasema ni kosa lake yeye na mto wake, na anataka alipwe sifa. Kila mmoja ana lake. Na wewe una lako, naliona kwenye barua, limekunjwa kama shuka. Mimi nilikuwa nimeshika sindano, sikuwa naangalia mkono. Usinitafutie jibu. Wewe msomaji, soma.

Ila nikueleze nilichofanya juzi, hicho nilikuwa nakiangalia vizuri. Nilivaa miwani. Nilifungua kabati la vioo, nikakitoa kile kingine, changu, kisichoguswa. Nikapitisha wembe. Bi Vifungo akapiga kelele, "Mama wa mwandishi, umerukwa na akili!" Nikamwambia ashike uzi. Nikalitoa fungu la tatu nikaliweka nyuma ya la nne, nikahakikisha namba moja moja, kisha nikakishona, mishono miwili, safari hii sijabana sana upande wa ndani. Kasuku nilimpigia simu nikamwambia. Akasema, "Wachapaji wasikusikie." Nikajua amekubali.

Kwa hiyo hicho ndicho atakachotusomea. Cherehani zitafunikwa. Kila fundi atakuwa na kazi ya mkono tu, pindo na vifungo, isiyo na kelele. Atasoma fungu la mwisho mpaka pale kwenye "Kaa kwanza", halafu atafunga kitabu, na kila aliyepo atamalizia anavyojua. Mzee Pasi tayari anatamba kwamba mwisho wake una birika jipya. Wewe ulimalizia vipi hujaniambia, na usiniandikie. Sitaki kulisoma hilo.

Kuna kiti karibu na mlango wa nyuma. Wateja wakitaka kukikalia nawaambia mguu wake mbovu. Mguu wake mzima. Kina mto, na mto ule ni wa maua ya buluu, una mfuko mmoja upande wa kulia. Kipande nilichokunyooshea siku ile ndicho kilichokuwa na mfuko. Hukukipokea, ukarudi jikoni, kisha ukaondoka. Nilikishona peke yake, sikukichanganya na kitambaa kingine.

Birika ni lile lile. Chini jeusi, maji yanachemka kama kawaida.

Ukiingia sitakuuliza kitu. Nimewakataza na wengine, Bi Vifungo nimemwapisha, ingawa kwa Bi Vifungo siweki dhamana. Ukichelewa unajua utakachoambiwa.

Tutakutana wote hapa, Kasuku, baba yake, mafundi wote, majirani, na wewe: Jumamosi, tarehe ishirini na nne mwezi huu, saa tisa alasiri.